Saa 167 Zinazobaki Nyumbani

Hotuba kwa wazazi, walezi, wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kuhusu kuwatunza nyumbani watoto waliopooza viungo. Tunaiweka nzima kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Salaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Kina mama, kina baba, mabibi mliokuja na wajukuu mgongoni, wauguzi, wahudumu wa afya mliotoka vijijini: karibuni, na poleni na safari.

Wiki moja ina saa 168. Mtoto aliyeandikiwa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, mara moja kwa wiki hukaa na mtaalamu saa moja, na mara nyingi haifiki hata hiyo moja. Saa 167 zinazobaki anakaa na nani? Nani anambeba? Nani anamlisha? Nani anamvalisha shati, anamlaza, anamgeuza usiku?

Saa ile ya kliniki ni ya kupima, kufundisha na kusahihisha, na ina thamani yake. Lakini msuli wa mtoto haujui ratiba ya kliniki. Mfupa unaokua haungoji Jumanne ifike. Kinachomjenga mtoto, au kinachomharibu, ni namna anavyoshikwa nyumbani. Ndiyo maana leo tunazungumza na ninyi.

Kabla ya zoezi lolote, liko swali moja la kumuuliza daktari, na msione haya kuliuliza: kilichoumia ni ubongo, au ni mshipa wa fahamu uliotoka kwenye uti wa mgongo kwenda mkononi au mguuni? Mtaani yote huitwa kupooza. Ubongo ukiumia, kiungo mara nyingi hukakamaa. Mshipa wa fahamu ukiumia, kiungo hulegea na kusinyaa. Mtoto wa kwanza na mtoto wa pili hawafanyiwi zoezi moja, na atakayewachanganya atamchosha mmoja na kumuumiza mwingine.

Tuanze na mkono.

Tarehe 27 Januari 1859, mjini Berlin, alizaliwa mtoto wa kifalme, mjukuu wa Malkia Victoria wa Uingereza. Alitanguliza makalio, akavutwa kwa nguvu. Baada ya siku chache ikaonekana mkono wake wa kushoto unaning'inia. Mtoto huyo ndiye Wilhelm wa Pili, aliyekuja kuwa Kaisari wa Ujerumani, na ambaye nchi yetu hii, Tanzania Bara ya leo, ilitawaliwa kwa jina lake hadi vita kuu ya kwanza. Alitibiwa vipi? Mkono wake ulifungwa ndani ya mwili wa sungura aliyechinjwa muda huo huo, ili joto la mnyama limwingie. Alipigwa umeme. Alipoanza kutembea, mkono wake mzima ulifungwa mwilini ili autumie ule mbovu, akawa anaanguka bila mkono wa kujizuia. Akakua, na mkono ule ukabaki mfupi kuliko mwenzake kwa karibu sentimita 15. Katika picha zake nyingi utauona umefichwa mfukoni, au umeshika glovu au upanga.

Madaktari wa mfalme walikosea wapi? Hawakujua kilichoumia. Duchenne wa Ufaransa aliieleza hali hii mwaka 1872, Wilhelm akiwa na miaka 13. Erb wa Ujerumani alifuata mwaka 1874. Mama aliyeketi hapa leo na kitambulisho chake cha kliniki anaweza kujua kuhusu mkono wa mwanawe mambo ambayo ikulu ya Berlin haikuyajua.

Mambo yenyewe ni haya. Mishipa mitano ya fahamu hutoka shingoni na kupita chini ya mtulinga kuelekea mkononi. Bega la mtoto likikwama wakati wa kuzaliwa, hasa kwa mtoto mkubwa wa kilo 4 na zaidi, au kwa mtoto aliyetanguliza makalio, kichwa na bega huvutwa pande mbili na mishipa hiyo hutanuka. Fikirieni kamba ya usumba iliyovutwa kupita kiasi: kwa nje unaiona nzima, ndani baadhi ya nyuzi zimekatika. Ikiwa nyuzi zimevutwa tu, mkono huamka ndani ya wiki chache. Ikiwa zimekatika, nyuzi mpya huota kwa mwendo wa milimita moja hivi kwa siku, kuanzia shingoni.

Mkono wa namna hii utautambua kwa mkao wake: bega limegeukia ndani, kiwiko kimenyooka, kiganja kinatazama nyuma. Wengi wa watoto hawa hupona. Tatizo ni kwamba mshipa ukiwa bado njiani, bega linaharibika likisubiri. Misuli inayogeuza bega kwenda ndani bado ina nguvu, na inayoligeuza kwenda nje imelala. Mvutano wa upande mmoja, mchana na usiku, husukuma kichwa cha mfupa wa mkono kwenda nyuma, na kikombe cha bega, ambacho bado ni laini, hukua kikiwa kimepinda. Hayo hutokea ndani ya mwaka wa kwanza. Mshipa ukifika baadaye, unakuta bega lililokwisha kuharibika.

Kwa hiyo tufanye nini? Siku 7 hadi 10 za mwanzo, mkono upumzike, ukilazwa juu ya tumbo, na mtulinga upimwe kama haujavunjika. Baada ya hapo, kila mnapobadilisha nepi, mtoto akiwa chali, kunja kiwiko chake kiwe pembe mraba, kigandamize kwenye mbavu zake, kisha peleka kiganja nje taratibu, kama mlango unaofunguka, mpaka uhisi umezuiwa. Hesabu hadi 20. Rudia mara 3. Hilo ndilo zoezi kuu, na ndilo linalorukwa zaidi, kwa sababu watu hupenda kupandisha mkono juu na kushangilia. Kupandisha nako kuna adabu yake: mkono wako mmoja ushike kombe la bega lisifuate, mwingine upeleke mkono wa mtoto hadi karibu na sikio. Usiposhika kombe, kombe ndilo linalotembea na kiungo kinabaki palepale. Malizia kwa kugeuza kiganja kiutazame uso wake, kiwiko kikiwa kimekunjwa, na kunyoosha kifundo na vidole.

Msimwinue kwa kumshika makwapani. Wakati wa kumvisha, mkono dhaifu uingie kwanza; wakati wa kumvua, utoke mwisho. Mkipeleke kiganja kile mdomoni mwake, mkiguse kwa pamba, kwa kitambaa, kwa maji vuguvugu, kwa sababu mtoto asiyeuhisi mkono wake huusahau. Na hisia zinaporudi zinaweza kumsumbua, utamkuta anang'ata vidole vyake. Vifunikeni vidole hivyo kwa soksi, na mwambieni mtaalamu.

Sasa sikilizeni tarehe hii kwa makini: miezi 3. Mtoto akifika miezi 3 na hajaweza kukunja kiwiko mwenyewe, apewe rufaa kwa daktari bingwa. Upasuaji wa kuunganisha mishipa, pale unapohitajika, hufanyika zaidi kati ya miezi 3 na 9. Ukichelewa sana, msuli uliokaa muda mrefu bila mshipa hauwezi tena kupokea. Mkono wote ukiwa umelegea hadi vidole, na kope ya upande huo imeshuka, hata hiyo miezi 3 msiingoje. Wauguzi, tafadhalini, neno "atapona tu" lisitoke bila tarehe ya kurudi.

Tushuke mguuni.

Chukueni mtoto wa miaka 4. Ana homa, amepelekwa dukani au zahanati, akachomwa sindano ya tako. Alilia kilio kisicho cha kawaida. Jioni anachechemea. Kesho yake wayo umeanguka, unaburuta, kidole gumba kinakwaruza chini. Nyumbani watasema amekumbwa na upepo mbaya, na siku zitapotea. Nini kimetokea? Mshipa wa fahamu ulio mkubwa kuliko yote mwilini hupita katikati ya tako. Tako la mtoto ni dogo, nyama haba, hasa akiwa na utapiamlo. Sindano ikiingia ndani au karibu na mshipa, dawa yenyewe huuchoma, na kwinini ilikuwa miongoni mwa dawa zilizosababisha majeraha haya kwa wingi katika ukanda wetu. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani limeshauri artesunate badala ya kwinini kwa malaria kali ya watoto. Sindano ya msuli kwa mtoto mdogo ichomwe ubavuni mwa paja, katikati, upande wa nje. Na wazazi, mna haki ya kuuliza kwa upole: je, dawa hii haipo ya kunywa?

Kwa wahudumu wa afya nina ombi maalumu. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 aliyelegea kiungo ghafla atolewe taarifa, na sampuli 2 za choo zichukuliwe, zikipishana angalau saa 24, ndani ya siku 14. Fanyeni hivyo hata kama mna hakika ni sindano. Bara letu lilithibitishwa mwaka 2020 kuwa halina tena polio ya virusi vya asili, na bado mwaka 2022 Malawi, jirani yetu, iligundua mtoto mmoja aliyeugua.

Tukitaja polio, tumkumbuke Elizabeth Kenny, muuguzi wa Australia. Enzi zake viungo vilivyopooza vilifungwa kwenye mabanzi na plasta kwa majuma na miezi, bila kuguswa. Yeye alifunika misuli kwa vitambaa vya sufu vilivyotoswa kwenye maji ya moto na kukamuliwa, maumivu yakapungua, kisha akavisogeza viungo na kumfundisha mtoto kuisikia misuli yake. Maelezo yake kuhusu ugonjwa hayakuwa sahihi yote, na madaktari walimpinga kwa miaka. Lakini watoto walisogea. Alipokwenda Marekani mwaka 1940, njia yake ilienea, na fiziotherapia tunayoifanya leo ina deni kwake.

Kwa mtoto wetu wa miaka 4, kutoka tako hadi msuli unaonyanyua wayo kuna kama sentimita 25. Kwa milimita moja kwa siku, hizo ni siku 250. Miezi 8 na zaidi! Mzazi asiyeambiwa hesabu hii atakata tamaa mwezi wa pili, na atakuwa sahihi kuona hakuna kilichobadilika. Mwambieni hesabu. Katika miezi hiyo kazi yetu ni moja: mshipa ukifika, ukute wayo ulio tayari.

Wayo usiposhikwa, mkano wa kisigino hufupika, na mtoto hubaki anatembea kwa ncha za vidole hata baada ya nguvu kurudi. Banzi la plastiki linaloshika wayo pembe mraba na muundi livaliwe mchana ndani ya kiatu na usiku kitandani. Asubuhi na jioni, goti likiwa limenyooka, kamata kisigino kwa kiganja chako chote, kivute chini huku sehemu ya mkono huo huo iliyo kati ya kifundo na kiwiko ikiusukuma wayo juu. Hesabu 30, mara 5. Kosa kubwa hapa ni kusukuma vidole. Ukisukuma vidole, wayo unavunjika katikati, unakuwa bapa, unadhani umefanikiwa, kumbe kisigino hakijasogea.

Na ngozi! Mguu huu hausikii moto wa jiko la mkaa wala msumari. Kila jioni utazameni, kwenye unyayo na katikati ya vidole. Alama nyekundu ya banzi isiyofifia baada ya dakika 30 maana yake banzi linabana. Lirudisheni kwa fundi, msilitupe uvunguni. Haya ya ngozi yawahusu pia kina mama wenye watoto wa mgongo wazi, ambao mazungumzo yao yanataka siku nzima peke yake.

Sasa ubongo. Hapa tutakaa, kwa sababu wengi wenu mko hapa kwa ajili ya mtindio wa ubongo.

Mtoto alichelewa kulia, au alizaliwa njiti, au alipata manjano makali, au homa ya uti wa mgongo. Jeraha la ubongo lenyewe haliongezeki. Mwili ndio unaobadilika kadiri mtoto anavyokua. Dalili za kumleta mapema mnazijua? Ngumi zinazobaki zimefungwa baada ya miezi 4. Shingo isiyokaza kwa umri huo. Miguu inayopishana kama mkasi akiinuliwa. Kutoketi bila msaada akiwa na miezi 9. Na moja inayofurahiwa kwa makosa: mtoto wa miezi 7 anayetumia mkono wa kulia tu. Bibi atasema, mashallah, huyu ni wa kulia. Mtoto hachagui mkono kabla ya kutimiza mwaka. Akichagua, huenda mkono mwingine una tatizo.

Kwa miaka mingi, tangu kazi ya Berta Bobath na mumewe Karel kule London, watoto hawa walishikwa, wakageuzwa, wakalainishwa na mikono ya mtaalamu. Walitufundisha mengi. Lakini utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba ubongo hujifunza kile mtoto anachokifanya mwenyewe, kwa kurudia, kwa lengo analolitaka. Kuchuliwa mafuta kunamtuliza, na mabibi muendelee, ila kuchua hakumfundishi kushika kikombe. Anayejifunza kushika kikombe ni yule anayeshika kikombe.

Basi chagueni jambo moja. Moja tu. Kunyanyuka kutoka kwenye kigoda, kwa mfano. Kigoda kiwe cha urefu ambao akijitahidi anaweza, miguu imekanyaga chini, magoti nyuma kidogo ya vidole, kitu anachokipenda kiwe mbele na juu kidogo. Anyanyuke mara 10, apumzike, mara 10 tena. Akizoea, shusheni kigoda. Mkimnyanyua ninyi, zoezi mmefanya ninyi.

Na yule wa mkono mmoja? Mkono mzima unaweza kuvishwa soksi, kwa kipindi cha mchezo uliopangwa, saa moja au mbili kwa siku kwa wiki kadhaa, mtu mzima akiwa mbele yake na vitu vya kushika. Hii si ile ya Wilhelm. Hatumfungi anapotembea, hatumfungi akiwa na njaa ya chakula, na hatumfungi kama mkono dhaifu haujaweza hata kukamata kidogo.

Kunyoosha misuli iliyokakamaa kwa dakika tano hakubadilishi kitu kikubwa. Mkao wa masaa ndio unaobadilisha. Wapo wanaomfukia mtoto mchangani hadi kiunoni ili asimame. Tunaielewa nia, na kusimama ni kuzuri. Lakini ndani ya shimo hamwoni nyayo zimekaaje, nyonga zimebanana, na mchanga wa adhuhuri unaunguza. Fremu ya mbao inamfanya asimame nyayo zikiwa bapa na miguu imepanuliwa, dakika 45 hadi 60 kwa siku, hata mkizigawa mara mbili.

Kwa nini miguu ipanuliwe? Kwa sababu ya nyonga. Kiasi cha theluthi moja ya watoto wenye mtindio wa ubongo nyonga zao huanza kuteguka, na kwa wasioweza kushika kichwa ni karibu 9 kati ya 10. Inateguka kimya kimya. Mtoto asiyetembea apigwe eksirei ya nyonga akiwa na umri kati ya mwaka 1 na 2, kisha kila mwaka, hata kama halii. Akianza kulia mnapombadilisha nepi, mmechelewa kidogo. Na nepi hiyo, tafadhalini, msitanue miguu kwa kuvuta vifundo. Mfupa wa mtoto asiyesimama ni mwembamba, na baadhi ya dawa za kifafa huudhoofisha zaidi. Paja huvunjika mikononi mwa mama anayempenda. Kunjeni kwanza magoti na nyonga, muyumbisheni kiuno pole pole kushoto na kulia, ukakamavu utapungua, kisha fungueni kwa kushika mapaja.

Kulisha. Mtoto asilishwe akiwa amelala wala kichwa kikiwa nyuma, kwani uji huingia mapafuni. Aketi wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kitoke mbele, chini ya usawa wa mdomo. Uji mzito kidogo ni salama kuliko mwepesi. Akikohoa kila mlo, au mlo ukizidi dakika 30, hilo ni jambo la kliniki, halitokani na ukaidi wa mtoto.

Ili aketi wima anahitaji kiti, na hapo ndipo wengi husema hatuna pesa. Nchini Zimbabwe, Bevill Packer aliendeleza ufundi wa kutengeneza samani kwa karatasi na maboksi chakavu, ufundi ambao umewafikia watoto wengi Afrika. Maboksi hukatwa, yakapakwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa, yakapangwa tabaka juu ya tabaka. Mistari ya tabaka moja iende wima, ya pili iende mlalo. Msipofanya hivyo kiti kitakunjika. Gandamizeni kwa mawe mpaka ubao uwe na unene wa sentimita 2 hadi 3. Anikeni ukauke kabisa, hadi ndani. Ukipaka vanishi ubao ukiwa bado na unyevu, utaoza.

Vipimo ni vitatu na vyote ni vya mtoto wenu, msiazime vya jirani. Kina cha kiti: kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, punguza vidole viwili. Kikizidi, atateleza mbele na mgongo utapinda. Urefu: kutoka nyuma ya goti hadi kisigino. Kikizidi, nyayo zitaning'inia, na mtoto ambaye nyayo zinaning'inia hujikaza mwili mzima. Meza: usawa wa kiwiko. Kitenganishi cha miguu kikae katikati ya magoti, kisifike kwenye kinena. Kila miezi 6 mpimeni upya.

Nyuma ya ukumbi tumeweka maboksi, gundi iliyopikwa asubuhi hii, visu na futi kamba. Mama mwenye mtoto asiyeketi aanze kuja sasa, na baba aliyemsindikiza ashike futi, kwa maana nyumbani ndiye atakayekata. Wenye watoto wa chini ya miezi 3 wenye mkono uliolegea wabaki hapa mbele, tufanye zoezi la bega pamoja, mmoja mmoja, mpaka kila mtu ameliweza kwa mikono yake.